Kadi Zimekwisha: Jinsi Tulivyopiga Filamu ya Majabalini

Wanangu, mkitaka kujua ubaya wa kitenge kipya, kivaeni, mfiche maikrofoni kifuani, kisha mtembee. Mtakachosikia baadaye kwenye kanda si maneno ya mtu. Ni kama mtu anakaanga bisi juu ya bati. Mimi nililijua hilo nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha chuo cha Dar, mbele ya geti la klabu moja ya ufukweni hapa Mwanza, nikijifanya mke wa mtu ambaye nisingekubali hata kuchangia naye sahani ya ugali.

Jina langu Kabula. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa sauti. Kwenye filamu watu humkumbuka mwongozaji, wakamkumbuka na mwenye kamera. Mtu wa sauti hukumbukwa siku sauti ikikosekana. Sasa ninyi mnaopiga picha kwa simu mmekuja kuniuliza habari za Majabalini, na nitawaambia, ila msinikatize kuniuliza mwaka. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati biashara zimefunguliwa, kila mwenye mtaji anaitwa mwekezaji, na kila mwenye deki ya video anafungua kibanda cha kuonyesha ngumi za Wachina. Hiyo inatosha.

Tulikuwa watatu. Mwongozaji alikuwa Deo, Mhaya wa Bukoba. Deo alikuwa amesoma, na alihakikisha unalijua hilo kabla hujakaa. Kamera ilikuwa ya Jitu, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa mjini kama baba yake, na studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka lao la picha. Kisukuma cha Jitu kilikuwa kimenyooka kuliko cha watoto wangu. Wa tatu mimi. Chakula chetu kilitoka kwenye harusi, kipaimara na misiba ya wenye uwezo. Filamu za kueleza mambo ya kweli tulizifanya pale mashirika yalipotuita, na hapo ndipo tulipokuwa tunajifunza kazi kwa kuharibu.

Kwa mfano, tuliwahi kwenda Magu kupiga filamu ya watu kueleza wanataka nini katika uchaguzi. Mzee mmoja mkulima wa pamba akasimama mbele ya kamera, amevaa koti kabisa kwenye jua lile, akasema, "Sisi shida yetu ni moja. Tunataka kula, na tunataka kula yetu iheshimiwe." Msukuma yeyote angejua anasema kura. Lakini Deo ndiye aliyeandika maneno ya Kiingereza chini ya picha, na aliandika alichosikia. Wafadhili walipoiona filamu walisikitika sana, wakatuma biskuti. Mzee alizipokea vizuri tu, akauliza kama huo ndio uchaguzi wenyewe au mwingine unakuja.

Tangu siku hiyo Deo hakuandika neno chini ya picha bila kuniuliza. Na mimi nawaambia ninyi: sauti ya mtu isikilizeni tena na mtu wa kwao akiwapo.

Basi, Majabalini. Ulikuwa mtaa wetu wa mlimani, nyumba zimejibana katikati ya majabali, moja mlango wake unatazama paa la nyingine. Wengi walikuwa wauza samaki, mafundi, na wafanyakazi wa viwanda vya Nyakato. Asubuhi moja waliamka wakakuta kila ukuta umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wakaambiwa mji unaboreshwa, mtaa ni mchafu na unaharibu mandhari, wote watahamishiwa mbali huko nyuma ya Nyakato, mahali pasipo na maji wala soko. Anayeuza samaki ahamie pasipo samaki.

Chini ya mtaa huo, ufukweni, ilikuwa klabu mpya ya mwekezaji mmoja aliyetoka ng'ambo. Ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tuliiita Kwa Wenyewe.

Shirika moja lilitaka filamu kuhusu miji iliyogawanywa kwa rangi za watu enzi za ukoloni. Walitarajia picha za majengo ya zamani na wazee wakikumbuka. Deo alipoziona zile X akasema, "Mambo ya zamani yako wapi? Haya ni ya leo." Ndivyo tulivyopanda kule mlimani, Jitu na kamera, mimi na masanduku yangu, Deo na suruali nyeupe isiyofaa kwa majabali.

Nyumba ya kwanza kutupokea ilikuwa ya Bibi Nyanzala, mjane, mwenye meno machache na maneno mengi. Dirisha lake lilitazama moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea la klabu. Alikuwa ameweka kigoda pale dirishani na ungo wa karanga za kumenya.

"Karibuni," alisema. "Mimi sihitaji televisheni. Yule mwenye tumbo, mnamwona? Leo kaja na mwanamke mwingine. Wa juzi alikuwa mrefu."

Hapo ndipo tulipoijua sababu halisi ya zile X. Wateja wa klabu walikuwa wamelalamika kwamba wanachunguliwa.

Lakini Bibi hakuwa na utani tu. Nilipomvisha maikrofoni aliuweka ungo chini, akasema habari za ujana wake. Alikuwa yaya kule Uzunguni. Mji wakati ule ulipangwa: Wazungu ziwani, Wahindi katikati na maduka yao, sisi huku majabalini, na baina yetu wakaacha uwanja mtupu ili mbu wetu wasiwafikie. Inaelekea mbu wa Kiafrika walikuwa hawajui kuruka umbali ule.

"Nikiwa nimembeba mtoto wao, napita ufukweni," alisema. "Nikiwa nimembeba mwanangu, sipiti. Njia ile ile, mgongo ule ule."

Nilitazama mita ya sauti ili nisimtazame yeye. Hiyo pia ni faida ya kazi yangu: una mahali pa kuficha macho.

Sasa ikabaki kazi ngumu. Watu wa mtaa walituambia kwamba klabu inafukuza weusi getini. Klabu ilisema haifukuzi mtu, ni ya wanachama wenye kadi, basi. Deo akasema bila ushahidi filamu yetu ni umbea. Ndipo tukapanga kwenda kuomba kuingia, mimi na Deo kama mume na mke, huku Jitu anatupiga picha kutoka dirisha la Bibi.

Siku ya kwanza nilivaa kile kitenge. Getini tulimkuta mlinzi mmoja, kijana mrefu, amesimama wima kama nguzo. Alitutazama, akasema habari za kadi, tukaondoka. Studio tukasikiliza: bisi juu ya bati. Na kinasa sauti nilikuwa nimekiweka kwenye mkoba wenye funguo na kopo la dawa ya kifua, kwa hiyo chini ya bisi palikuwa na kiwanda kizima.

Wiki iliyofuata nilijirekebisha. Sikilizeni, hili litawafaa. Vaeni nguo iliyofuliwa mpaka ikachoka. Maikrofoni ibandikeni kwa plasta juu ya mfupa wa kifua, msiiache ining'inie. Mkoba uwe mtupu, tandikeni kanga ndani. Na mkisimama, simameni. Msitikisike kama mnasubiri choo.

Tukarudi. Mlinzi akatutazama tena.

"Nyie si mlikuja juzi?"

"Tulikuja kuulizia kadi," Deo akasema. "Zimefika?"

Yule mlinzi akanisogelea. Akainama kabisa, macho yake kifuani pangu, akasema kwa sauti kubwa na taratibu, kama anayesoma tangazo: "Kadi zimekwisha. Bila kadi mtu mweusi haingii. Kadi zimekwisha."

Nilikasirika. Nikamwambia Deo njiani kwamba yule mtu hana adabu, anazungumza na kifua cha mke wa mtu. Deo akanikumbusha kwamba mimi si mke wake. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na tukapanda mlima tukigombana kama wanandoa wa kweli.

Baadaye ilikuwa zamu ya Mzungu, tuone kama naye ataulizwa kadi. Tulimwendea Padre Willi, mmisionari mzee aliyefuga nguruwe na kutembea na mabuti ya mpira siku zote isipokuwa Jumapili.

"Mimi siwezi kusema uongo," Padre alituonya.

"Hatutaki uongo, Padre," Jitu akamwambia. "Sema ukweli mtupu."

Akaenda vile vile alivyotoka bandani. Nilimfunga maikrofoni mwenyewe, na nilifanya kazi hiyo nimebana pumzi. Kwenye kanda anasikika wazi: "Shikamoo sijapewa bado, lakini habari. Mimi sina kadi. Wala sina pesa. Wala sikualikwa." Na mlinzi anasikika akijibu: "Karibu, Mzee. Pita tu." Akapita. Akakaa karibu na bwawa na mabuti yake, akaletewa maji ya limau bila kuagiza, na watu wa meza ya jirani wakahama wenyewe.

Ikabaki zamu ya Mhindi, lakini Jitu alikuwa hataki kushiriki. Alikuwa anapenda kukaa nyuma ya kamera, na sababu aliniambia siku nyingine tukiwa wawili. "Dada Kabula, nikiwa mbele watu hawaoni mtu wa Mwanza. Wanaona Mhindi. Huko kwa Wazungu mimi ni mweusi kidogo, huku barabarani ni tajiri anayenyonya. Hakuna anayeniuliza nimezaliwa wapi." Babu yake pia alikatazwa kununua kiwanja Uzunguni, na pesa anazo mkononi. Nilimwambia basi na hilo liingie kwenye filamu. Alifikiri, akakubali.

Tatizo likawa nani abaki na kamera. Deo alikuwa ameshaonekana, asingeweza hata kukaa dirishani. Mimi nilikuwa chini ya mlima na vipokea sauti masikioni. Jitu akaielekeza kamera getini, akaifunga kwenye miguu yake mitatu, akamwambia Bibi Nyanzala, "Bibi, iache ijipige yenyewe. Usiguse kitu chochote."

Bibi akasema sawa.

Jitu aliruhusiwa kuingia, lakini barazani tu. Alipoulizia bwawa, mhudumu akamwambia halitumiki, linasafishwa. Tulikuwa na sauti nzuri ya maneno hayo. Tuliporudi studio kutazama picha, geti lilionekana kwa muda mfupi tu. Halafu kamera ikayumba, ikapanda mbinguni, ikashuka, ikatulia kwenye bwawa, na hapo hapo ikamkaribia mwenye tumbo akiwa na kichupi chekundu, akitoka majini, anajikamua ndevu. Nyuma yake watu kumi hivi wanaogelea. Ikabaki hapo mpaka kanda ikaisha.

Jitu alinuna. Deo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Jitu," alisema, "si walikwambia bwawa linasafishwa?"

Tukaweka sauti ya mhudumu juu ya picha ya Bibi. Katika kazi yangu yote sijapata mkato mzuri kuliko ule, na umepigwa na mtu aliyeambiwa asiguse.

Filamu ya haki husikiliza upande wa pili, kwa hiyo Deo alikwenda kwa meneja wa klabu akamwonyesha vipande. Meneja hakubabaika. Akasema mbele ya kamera kwamba klabu haina ubaguzi, kosa ni la mlinzi, mtu wa shamba asiyeelewa maagizo. Siku iliyofuata mlinzi akafukuzwa kazi.

Hatukucheka tena. Tulikuwa tumetaka kumkamata mwenye klabu, na aliyekamatwa ni maskini mwenzetu. Deo akasema tusimame kwanza, huenda filamu isitoke kabisa. Tukiwa kwenye mjadala huo, mlango ukagongwa, na aliyeingia ni yule mlinzi, mrefu vile vile. Jitu akavuta sanduku la taa mbele yake mwenyewe, kama kinga.

"Naitwa Masanja," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya ile video."

"Ndugu yangu, tunasikitika," Deo akaanza.

"Mama yangu yuko Kigongo, jirani na kivuko. Amesikia nimo kwenye video, anataka kuniona. Nimekuja kutazama kwanza."

Tukamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Jitu. "Umenipiga ubavuni. Uso wangu ni mzuri kwa mbele."

Masanja akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, siku ya kwanza tu nilijua mna lenu. Mke gani anamwita mumewe Bwana Mwongozaji? Na hicho kitenge chako kilikuwa na waya unaning'inia. Ndiyo maana siku ya pili niliinama nikasema kwa nguvu, ili kile kidude kisikose."

Nilijisikia joto mpaka masikioni. Kumbe yule niliyemwita hana adabu ndiye aliyenipa sauti safi kuliko zote.

Deo alimwuliza kwa nini alifanya hivyo. Masanja akasema dada yake anaishi Majabalini, ukuta wake una X. Kila siku yeye alikuwa anasimama kulinda geti la watu wanaotaka kuivunja nyumba hiyo, ambamo naye analala. "Sikufikiri mtanifukuzisha upesi hivyo," alisema, "lakini kwa kuwa nimeshafukuzwa, niulizeni vizuri. Na safari hii mnipige kwa mbele."

Tukamkalisha. Alikuwa na hofu. Niliisikia kwenye vipokea sauti, akimeza mate. Watu kama wale wenye klabu wangeweza kumharibia kila kazi hapa mjini. Akasema hivi: "Niliambiwa Mzungu asiulizwe kitu. Mhindi aishie barazani. Mweusi aulizwe kadi, na akiulizia kadi zinapatikana wapi, aambiwe zimekwisha. Nikauliza, na mweusi mwenye gari? Wakasema tazama gari kwanza. Siku moja nilimwuliza karani wa mle ndani kadi zenyewe zikoje, nione tu rangi yake. Akacheka. Hazikuwahi kuchapishwa."

Deo alitaka kuonyesha filamu kwenye ukumbi, kwa kadi za mwaliko na hotuba. Kila ukumbi tuliouomba ulikuwa unapakwa rangi wiki hiyo. Jitu, ambaye ndiye aliyewauzia kanda wenye vibanda vya video karibu wote wa mji, akawazungukia: mkitaka mzigo mpya wa ngumi, mtaanza na filamu yetu. Kibanda cha kwanza tulikaa nyuma kabisa. Watu walianza kunung'unika. "Ngumi ziko wapi?" mmoja akauliza. Halafu wakaiona milima yao. Wakamwona Bibi Nyanzala wanayemfahamu. Alipoingia Padre na mabuti, wakaomba irudishwe nyuma, ikarudishwa. Alipofika mwenye tumbo, kumbe watu walimjua, mwenye kibanda ikabidi azime ili watulie. Na Masanja alipoanza kusema, hata waliokosa nafasi nje walibandika masikio kwenye matundu ya ukuta.

Baada ya hapo mji wote ulishika yale maneno. Ukienda kuomba sukari kwa jirani mchoyo: kadi zimekwisha. Msichana akitongozwa na asiyemtaka: kadi zimekwisha. Mgombea mmoja wa udiwani, aliyekuwa ameipigia debe ile bomoabomoa, alipanda Majabalini kuomba kura, akabisha hodi nyumba ya kwanza. Mama wa nyumba akatoa kichwa, akamwambia maneno hayo mawili kwa heshima zote, akafunga mlango. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Alishuka mlima akijifuta jasho kwa fulana yenye picha yake mwenyewe.

Wakubwa waliohusika na ramani ya mji walilazimika kuitisha mkutano na wakazi, na sisi tukaurekodi wote. Haukuwa mkutano wa malaika. Kulikuwa na nyumba kweli zilizojengwa juu ya mkondo wa maji, na wenyewe walikubali kusogea, ila wasogee mlimani pale pale. Nyingine zote zikabaki. Badala ya tingatinga mtaa ulipata ngazi za saruji, mtaro na bomba la maji. Wakazi walichimba wenyewe mtaro huo, nami nina kanda nzima ya sauti ya sululu na matusi. Klabu iliambiwa ifungue milango kwa yeyote anayelipia, au ipoteze leseni. Ikafungua. Ila ilijenga ukuta mrefu kuzunguka bwawa, na Bibi Nyanzala akatununia muda mrefu. Alisema tumemletea maji, lakini tumempokonya habari.

Siku moja alasiri tulikwenda klabuni, wote wanne, kwa sababu Masanja alikuwa tayari mwenzetu. Jitu alimpa kazi ya kushika taa, na hakuna aliyesimama na taa kwa utulivu kama yeye. Deo alivaa tai. Mimi nilivaa kitenge kilichochoka, kwa mazoea. Mlinzi mpya alitusalimia, tukapita, tukachagua meza upande wa ziwa. Soda zilikuja za moto, chipsi zilikuwa mbichi katikati. Jitu akasema kama angejua mapema, asingehangaika kiasi kile. Deo akaanza kulalamika kwa mhudumu, kwa Kiingereza.

Masanja hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amegeuza kiti chake, ameweka mikono magotini, anatazama ziwa. Mitumbwi ilikuwa inarudi mwaloni kushusha samaki, na maji yalikuwa yametulia mpaka kwenye vile visiwa vya mawe.

"Masanja, kula," nikamwambia. "Zinapoa."

"Nilisimama pale getini mwaka mzima," akasema. "Nilikuwa natazama barabara. Sikuwahi kugeuka."

Tulimwacha atazame. Mhudumu alipokuja kuuliza kama tumemaliza, Deo alimwambia bado.